Futasizi ya nani?

*Msomaji ameandika:* Shikamoo mzee. Natengeneza sabuni nzito ya kutoa masizi kwenye masufuria, nyumbani kwangu Mbagala. Nilianza na makopo kumi na mawili, leo nauza karibu Temeke nzima. Jina niliipa mwenyewe, Futasizi. Wateja wangu wamezoea kufutasizi kila Jumamosi. Shida ni kwamba sasa wapo wengine wanne wanaotengeneza kama yangu, na wote wanaandika Futasizi. Pale Sabasaba mtu mmoja akaniambia, "Mama, jina lako limeshakuwa la wote, hongera!" Mume wangu naye anasema hilo ni tangazo la bure. Mimi moyo unakataa. Jina nimeshalisajili BRELA, kwa wale wasajili wa biashara wa serikali, cheti ninacho ukutani. Makampuni makubwa yanafanyaje majina yao yasichukuliwe na watu? Na huyu kijana wa Chang'ombe aliyeiga mpaka rangi ya kopo, nimwandikie barua ya kumshtaki?

*(Jina la bidhaa tumelibadilisha kwa ombi lake.)*

Marahaba, mwanangu. Huyo wa Sabasaba alikupa hongera ya msiba.

Kabla hatujafika mbali, fanya jambo moja. Nenda duka ambalo hawakujui, tuseme Mtoni au Tandika, usimame kama mteja mwingine yeyote useme, "Nipe Futasizi." Kisha nyamaza, umtazame muuzaji. Akikupa kopo lako moja kwa moja, jina bado lina mwenyewe. Akikupa la mtu mwingine bila kuuliza, una tatizo. Akikuuliza, "Ya nani?", tatizo ni kubwa zaidi, maana kichwani mwake Futasizi imeshakuwa aina ya kitu, kama unga au chumvi, na kila mtu anaweza kuwa na yake.

Hicho ndicho kipimo, na hata majaji wa nchi kubwa, baada ya kurasa mia za hoja, huishia kuuliza hilohilo: mnunuzi akilisikia neno hili anafikiria kitu, au anafikiria aliyekitengeneza? Likimaanisha kitu tu, limekuwa jina la jumla, na jina la jumla haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja.

Wala usidhani ni jambo la mbali. Mke wangu hunituma kwa Mangi nikalete omo. Narudi na sabuni ya unga yoyote iliyokuwa karibu na mkono wa Mangi, na hakuna siku nimegombezwa. Na mimi ndiye mtu ambaye kazi yangu ya miaka ishirini na kitu ni kulinda majina ya wafanyabiashara! Mtaani kwetu mtoto anavalishwa pampasi hata kama pakiti ina jina jingine kabisa, mashuka meupe yanalowekwa kwenye jiki, na bajaji ni bajaji hata ikiwa ubavuni imeandikwa TVS King. Sisemi kampuni hizo zimepoteza haki zao. Hilo huamuliwa kwa ushahidi mbele ya wenye mamlaka, si kwa maneno ya kituo cha daladala. Nasema tu kwamba mdomo umeshatangulia.

Kiswahili kina tumbo kubwa. Jina la kigeni likiingia, muda si mrefu linapewa irabu mwishoni, linavuliwa herufi kubwa, linawekwa kwenye ngeli: bajaji hii, bajaji hizi, kibajaji, vibajaji. La kwako lilizaliwa Mswahili, hata nguo halikuhitaji kubadili. Na soma tena barua yako: "wamezoea kufutasizi." Umelifanya kitenzi wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Kijana wa Chang'ombe hajakuibia peke yake.

Nikikuambia hivyo usione nakulaumu, kwa sababu waliofanya kosa hilo ni wakubwa kuliko sisi. Zipu ya mkoba wako ni jina la biashara lililokufa. Mwaka 1923 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilitoa viatu vya mpira vya kufunga kwa meno ya chuma, ikaviita Zipper. Watu wakalihamisha jina kutoka kwenye kiatu kwenda kwenye kifungio, na lilipofika kwetu lilikuwa neno la fundi cherehani tu.

Kampuni ya Otis nayo, ile ya lifti, ilikuwa na alama Escalator kwa ngazi za umeme. Alama hiyo ilikuwa imesajiliwa tangu 1900. Mwaka 1950 ilifutwa Marekani, na moja ya vitu vilivyoiangusha ni tangazo lao wenyewe. Tangazo hilo lilikuwa linaeleza maana ya alama ya Otis, na ndani yake wakaandika "lifti na eskaleta za Otis", maneno mawili kwa pamoja, herufi ndogo zote mbili. Lifti ni neno la kila mtu. Ukiweka jina lako bega kwa bega nalo, umelipanga kwenye foleni ileile.

Lakini kesi inayokufaa zaidi ni ya themosi.

Thermos lilikuwa jina la kampuni moja, na mwanzoni kampuni hiyo ilitangaza kwa fahari kwamba jina lake limeingia kila nyumba. Ilichosahau ni kukipa kile chombo jina jingine ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitamka. Miaka ikapita, mshindani aitwaye Aladdin akataka kuuza chupa zake kwa neno hilohilo, wakafika mahakamani. Ukafanyika utafiti wa maoni. Kati ya watu wazima wa Marekani waliokijua chombo hicho, kama 75% walikiita themosi, na waliojua kwamba ni alama ya biashara walikuwa kama 12% tu. Mwaka 1963 mahakama ya rufaa ikasema neno limeshakuwa la wote. Hata hivyo haikumwachia Aladdin afanye atakavyo: aliamriwa atumie herufi ndogo, atangulize jina lake, na asidai kwamba yake ndiyo "halisi". Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kinachonichekesha ni kwamba Waswahili tulikuwa na dawa ya tatizo hilo jikoni. Sisi tunasema chupa ya chai. Mtu anaweza kuuliza "chupa ya chai bei gani?" bila kugusa jina la kampuni yoyote. Wamarekani hawakuwa na chupa ya chai. Neno lao la jumla lilikuwa la kitaalamu, la chupa iliyotolewa hewa, na nani anakumbuka hewa wakati anataka chai?

Basi swali lako, makampuni yanafanyaje, jibu lake kubwa ni hilo. Jina la biashara hufa pale kitu chenyewe kinapokosa jina jingine. Mwenye akili anakipa kitu majina mawili siku ya kwanza: moja lake, na moja la ukoo ambalo hata adui yake anaruhusiwa kulitumia. La ukoo unaligawa bure, tena kwa furaha, ili mshindani asipate kisingizio cha kusema "sasa ningekiitaje?" Lebo yako uliyonitumia picha imeandikwa FUTASIZI kwa maandishi makubwa, chini yake "Tumia Futasizi kidogo kwa sponji." Hakuna mahali panaposema Futasizi ni nini. Kijana wa Chang'ombe akiulizwa anauza nini, atajibu nini?

Angalia dawa za hospitali. Mtaani kila kidonge cha maumivu ni panadoli, lakini pakiti yoyote, ya kampuni yoyote, imeandikwa paracetamol. Neno la jumla lipo, linajulikana na muuguzi, na mshindani analo la kutumia. Panadol inapumua kwa sababu paracetamol inambebea mzigo. Aspirin haikuwa na bahati hiyo Marekani. Bayer, wenye dawa hiyo, waliwauzia watengenezaji wa vidonge na maduka ya dawa kwa miaka, wananchi wakanunua "aspirin" bila kuona jina la Bayer, na neno la kitaalamu la dawa yenyewe lilikuwa refu la kuvunja ulimi. Mwaka 1921 Jaji Learned Hand akasema madaktari na wafamasia wanaweza kuwa wanajua ni ya Bayer, lakini kwa mwananchi neno hilo ni jina la kidonge. Ujerumani na Canada, hata leo, Aspirin ni alama ya Bayer. Sheria ya alama hufuata mipaka ya nchi, na hili nalo lina maana kwako, maana najua unapeleka mzigo Unguja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza: kopo lako liandikwe FUTASIZI, na chini yake, kwa maandishi yanayosomeka na bibi asiye na miwani, "sabuni ya masizi". Mimi ningependa "dawa ya masizi", kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema, dawa ya mswaki, dawa ya mbu, lakini sabuni ni salama zaidi, mtu asije akaipaka kidonda. Hilo jina la sabuni ya masizi likikaa mdomoni mwa watu, wale wanne watalitumia. Waache. Ndicho unachokitaka.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya Kizungu haviutaji. Wao wana kanuni kwamba jina la biashara litumike kama kivumishi, likitanguliwa au kufuatwa na jina la kitu. Kwetu kitu hutangulia, kisha "ya". Na hiyo "ya" yetu haina macho. Mafuta ya alizeti, mafuta ya taa, kalamu ya biki, sabuni ya Futasizi: zote zinasikika sawa, na msikilizaji hawezi kujua kama kinachofuata ni mwenye mali, malighafi au aina. Ndiyo maana "kalamu ya biki" imekuwa aina ya kalamu badala ya kalamu ya kampuni. Kwenye lebo, mabango na status ya WhatsApp iondoe hiyo "ya": andika "sabuni ya masizi FUTASIZI", jina likiwa na umbo lake lilelile, rangi ileile, herufi kubwa. Usiandike "futasizi" katikati ya sentensi kama nomino ya kawaida, usilitie kwenye wingi, na Jumamosi watu wasifutasizi, wasugue masufuria kwa FUTASIZI. Najua linasikika kama ukarani. Ni ukarani kweli, na ndio unaolipa.

Mdomo wa mteja huwezi kuufunga, na usijaribu. Xerox walinunua nafasi magazetini miaka mingi kuwaomba watu waseme kutoa nakala, wasilitumie jina lao kama kitenzi. Kwetu naona walifaulu, ukiingia steshenari yoyote ya Posta utasikia "nitolee kopi". India mitaani bado wanasema xerox. Velcro mwaka 2017 walitoa video ya wanasheria wakiimba kuwasihi watu waiite ile kamba ya kunata kwa jina lake la jumla, la kulabu na vitanzi. Watu walicheka, wakaendelea. Lakini kuna faraja: mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kuifuta Google. Mtu aliyesajili anwani za tovuti 763 zenye jina hilo alidai kwamba kwa kuwa dunia nzima "inagugo", neno ni la wote. Mahakama ikamwambia kitenzi peke yake hakitoshi; mtu anaweza kusema anagugo huku akijua vizuri Google ni ya nani. Kwa hiyo mama wa Mbagala Kuu anayesema "nimefutasizi sufuria" hajakuua. Anayekuua ni muuzaji anayeuliza "ya nani?"

Wauzaji ndio watu wa kuwafuata kwa miguu. Austria kulikuwa na kampuni iliyouza mchanganyiko wa unga kwa waokaji, na mkate uliotokana nao ulikuwa na jina lililosajiliwa, Kornspitz. Waokaji walijua ni alama ya mtu, ila hawakuwaambia wateja, wakauza mkate huo kama aina ya mkate. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema alama inaweza kufutwa katika hali hiyo ikiwa mlaji analiona kama jina la kitu na mwenye alama amekaa kimya. Muuzaji kujua haisaidii kama hasemi. Wewe una maduka mangapi? Hamsini? Wape kila mmoja karatasi ya kubandika yenye picha ya kopo lako, na bodaboda anayepeleka mzigo awe na sentensi moja: "Hii ndiyo FUTASIZI, sabuni ya Mama; zile nyingine ni sabuni za masizi."

Yapo mengine ambayo makampuni hufanya na kwako ni ya baadaye. Huandikia kamusi: Sony ilipoteza Walkman, jina la ile redio ndogo ya kaseti ya kutembea nayo, huko Austria mwaka 2002, na sehemu ya lawama ilikuwa kamusi iliyoandika neno bila kusema ni alama, nao hawakudai irekebishwe. Kamusi haijakufikia, tulia. Huweka pia jina moja kwenye bidhaa zaidi ya moja, na hili nalipenda zaidi kwako. Ukitoa sponji FUTASIZI na brashi FUTASIZI, mteja hawezi tena kuamini kwamba neno hilo maana yake ni ile sabuni kwenye kopo. Linageuka kuwa jina la mtu anayetengeneza vitu. Gharama yake ni sponji za jumla kutoka Kariakoo na lebo.

Sasa cheti chako cha ukutani. Nakuomba ukisome tena, juu kabisa. Nina hakika karibu yote kimeandikwa cheti cha jina la biashara. Hicho kinasema wewe unafanya biashara kwa jina hilo, basi. Alama ya biashara ni usajili mwingine, BRELA haohao, sheria nyingine: Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Nimeona watu wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya kuchanganya vyeti hivi viwili, na yule wa kwanza alikuwa na kiwanda kabisa. Maombi ya alama yanafanyika kwa mtandao, kwenye orodha ya makundi ya bidhaa sabuni na dawa za kusugulia ziko kundi la 3, na usajili ukikubaliwa unadumu miaka 7, kisha unauhuisha kila baada ya miaka 10. Hauvuki bahari: Unguja na Pemba wana msajili wao, BPRA, na maombi ni ya peke yake. Ile alama ya ® usiiweke mpaka uwe na cheti sahihi mkononi.

Nisikudanganye, maombi yako hayatapita kama maji. Futasizi inaeleza kazi ya bidhaa, futa masizi, na majina ya namna hiyo ni dhaifu hata kabla ya wale wanne kuja. Msajili anaweza kuuliza kwa nini wengine wazuiwe kusema wanachokifanya. Ningekuwa wewe ningeomba neno pamoja na mchoro, ile sufuria inayotabasamu kwenye kopo lako, kwa sababu mchoro ni wako kweli na hauelezi chochote. Na ningefikiria jina la pili, lisilo na maana yoyote kwenye sabuni, likae juu ya Futasizi: la mwanao, la mtaa uliozaliwa, lolote. Kama siku moja mahakama itasema Futasizi ni ya wote, hilo la juu ndilo litakalomfanya muuzaji asiulize "ya nani". Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Aladdin: jina la mtu lilitangulia, neno la wote likafuata.

Kama unataka kujua umesimama wapi, fanya utafiti mdogo. Kampuni ya DuPont iliulizwa kama Teflon, jina la ule utando wa kikaango usioshika chakula, imekuwa jina la jumla, ikapeleka mahakamani matokeo ya kuwatajia watu orodha ya maneno, wakiulizwa kila neno kama ni jina la kitu au jina la biashara. Teflon ilipata 68% upande wa biashara, na mwaka 1975 ikapona. Chukua watu thelathini pale Rangi Tatu, wasiokujua. Wafundishe kwa mifano miwili, halafu uwatajie sukari, Azam, mkaa, Vodacom, Futasizi, sabuni. Andika majibu kama yalivyo, hata yakiuma. Si ushahidi wa mahakamani, ila utajua kama unaziba ufa au unajenga ukuta.

Kuhusu kijana wa Chang'ombe, usimwandikie barua ya kumshtaki. Bado. Ukimwandikia leo, kitu cha kwanza wakili wake atakachoomba ni cheti cha alama, na huna. Lakini hujabaki mikono mitupu: sheria inamzuia mtu kuuza bidhaa yake kwa kujifanya ni yako, hata kama alama haijasajiliwa, mradi uonyeshe kwamba wewe ulitangulia na wateja wanadanganyika. Jina ni hoja yako dhaifu. Rangi ya kopo na mpangilio wa lebo ndiyo hoja yako nzuri, kwa sababu hakuna anayehitaji rangi yako ili auze sabuni. Kwa hiyo tafuta lile kopo la kwanza kabisa kama lipo bado, picha za zamani kwenye simu zenye tarehe, vitabu vya oda, meseji za wateja. Kisha mtume mtu akanunue kopo la kijana, adai risiti, aandike tarehe na duka. Akikataa kutoa risiti, apige picha rafu yenye makopo yenu mawili yakiwa pamoja. Ukishavipata vyote, njoo navyo ofisini, na hicho cheti cha ukutani ukilete pia.